PC ya Gemu: Ununue Iliyoundwa Tayari ama Ujiundie? Soma Hii Kabla Utume Doh

Tuseme umeweka doh miezi nane. Umekataa sherehe, umekataa viatu, mbogi imekuita mkono birika mpaka ikachoka. Sasa uko na elfu sitini kwa M-Pesa na vidole vinawasha. Unaingia Jiji ama Facebook Marketplace, unaandika "gaming PC", na ya kwanza kutokea ni hii: "Gaming PC, Core i7, RAM 16GB, graphics 4GB, SSD 500GB, RGB, bei poa." Kwa picha mashini inawaka blue na purple kama mathree ya Rongai usiku.

Kabla ubonyeze kitu, hebu tusome hilo tangazo pole pole, ju karibu kila neno pale limeficha kitu.

"Core i7" peke yake haikuambii chochote. Ni kama kuambiwa gari ni Toyota. Intel wametumia hilo jina tangu 2008, so i7 inaweza kuwa ya juzi ama ya wakati ulikuwa primo. Chenye unatafuta ni namba inayofuata. i7-2600 ni ya 2011. i7-4770 ni ya 2013. Zote ziko na kori nne. Alafu kuna i3-12100F ya 2022, kori nne pia, jina la mtoto mdogo, lakini kwa gemu inapita hizo i7 zote mbili kama zimesimama. Msee akiandika "Core i7" bila namba, mara nyingi anajua kwa nini hajaiandika.

"Graphics 4GB" nayo ndio mtego mkubwa zaidi. Hizo GB ni memori ya kadi, si nguvu yake. GT 730 ni kadi ya 2014 na kuna zenye ziko na 4GB. GTX 1650 ni ya 2019 na pia ni 4GB. Moja itakuchezea YouTube vizuri sana, ingine itakuchezea gemu. Ni kama kuwa na tenki kubwa ya maji juu ya nyumba na bomba nyembamba kama mrija: tenki imejaa, na bado unaoga na kikombe.

"RAM 16GB" uliza kama ni kijiti kimoja ama viwili vya 8GB. Viwili ni bora, ju prosesa inasoma vyote kwa wakati mmoja. Kwa hilo tangazo lote, neno lenye halina uongo ni RGB.

Mimi hii story naijua ju ilinipata 2019. Nililipa elfu arobaini na tano, taslimu, duka moja ghorofa ya tatu huku tao. Mashini iko na kioo kando na feni nne za kuwaka. Nikafika keja, nikaweka GTA V, ikaanza kutembea kama albamu ya harusi, picha moja, alafu unangoja ingine. Nikafungua kasha na bisibisi. Ndani nikapata mazabodi ya kompyuta ya ofisi, i7-2600, GT 730, na pawa saplai haina ata jina la mwenye aliitengeneza. Kurudi dukani, ile waranti niliyoahidiwa kwa mdomo ikawa "boss, hiyo ilikuwa ya kasha."

Kwa hivyo wasee wakibishana kununua ama kujiundia, gani ni bei rahisi, mimi huona hilo si swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili: siku hiyo kitu itakataa kuwaka, nani atashughulika, na ni nini unaweza kutoa na kubadilisha bila kutupa zote?

Hizo za "tayari" si kitu moja

Huku Nairobi, mashini iliyoundwa tayari inaweza kuwa vitu vitatu tofauti kabisa, na bei zao hukaribiana vya kukuchanganya.

Kuna ile ya kampuni, kama HP Victus, imefungwa kwa boksi na iko na waranti ya mtengenezaji. Ikikufa ndani ya muda, unarudisha mashini nzima na si kazi yako kujua ni nini kimekufa. Hiyo amani ndio unalipia. Ubaya wake ni kwamba kampuni hupenda kuweka mazabodi na pawa saplai za umbo lao wenyewe, so baada ya miaka mitatu ukitaka kuongeza kadi kubwa unaweza kupata hakuna mahali pa kuichomeka. Na mara nyingi wanaweka kijiti kimoja cha RAM. Hicho angalau unaongeza.

Kuna ile ya duka, yenye wamechukua vipande vipya na kukuundia. Hii inaweza kuwa fiti kuliko zote, lakini kwa sharti moja: risiti iandike jina na modeli ya kila kipande. Si "pawa saplai 500W". Iandike ni ya nani na ni modeli gani. Duka likikataa kuandika, jiulize.

Alafu kuna ile yangu ya 2019, yaani kompyuta ya ofisi ya ex-UK imevalishwa nguo mpya.

Ex-UK si adui yako

Lakini ngoja. Si ati ex-UK ni mbaya. Kwa msee mwenye doh kidogo inaweza kuwa njia safi kuliko zote, bora uinunue ukijua ni ex-UK na kwa bei ya ex-UK. Hizo HP EliteDesk, Dell OptiPlex na Lenovo ThinkCentre zilijengwa zifanye kazi ofisini siku nzima, miaka, na ni ngumu kufa. Ukipata moja fiti uongeze kadi ndogo ya grafiki, uko na mashini ya Valorant, GTA V na CS2 bila kuuza simu.

Kuna mambo matatu ya kuangalia, na la kwanza ni umbo. Chukua ile ndefu ya mnara. Zile nyembamba zinalazwa chini ya monita ni rahisi kupata na zinakaa smart, lakini kadi ya kawaida haitoshei ndani. Itabidi utafute kadi fupi za kimo cha nusu, ambazo ni chache na wauzaji wanajua ni chache.

La pili ni pawa saplai. Hizi za ofisi nyingi hazifiki wati 300, na HP na Dell mara nyingi hutumia plagi zao zenye hazifanani na za kawaida. Manake huwezi kutembea Luthuli ununue pawa saplai yoyote uweke. Kwa hivyo kadi yako inafaa kuwa ya kula umeme kutoka kwa mazabodi pekee bila waya wa ziada. GTX 1050 Ti na GTX 1650 nyingi ziko hivyo, zinakula wati 75. Ukiuziwa RX 580 uweke huko, hiyo inataka wati 185 na plagi yake mwenyewe, na hapo umenunua kadi ya kuweka kwa meza kama pambo.

La tatu ni Windows, na hapa ndio wasee wengi wanachomeka. Microsoft waliacha kusaidia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia generation ya nane. Na si mambo ya kusasisha tu. Valorant kwa Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot ziwe zimewashwa, na Battlefield 6 ya 2025 pia haikubali bila Secure Boot. Kwa hivyo ile i7 ya generation ya nne inaweza kuwa na nguvu ya kucheza na bado ufungiwe mlango. Ukitafuta ex-UK leo, namba ya prosesa ianze na 8 kwenda juu: i5-8500, i5-9500, za aina hiyo. Zitakugharimu zaidi kidogo ya zile za kitambo, na ni sawa.

Kujiundia: yenye inakungoja

Kazi yenyewe si ngumu vile watu husema. Ni bisibisi moja, meza safi na jioni moja ya subira. Kama umewahi kufungua simu ubadilishe betri, umeshapita kiwango. Ngumu iko kabla, kwa kuchagua vipande vyenye vinaelewana.

Prosesa na mazabodi lazima vishare soketi. Ryzen 5 5600 inakaa kwa AM4. Ryzen 7600 inakaa kwa AM5, na haziingiliani ata ukisukuma. RAM ya DDR4 haiingii shimo la DDR5. Na ile herufi F mwisho wa prosesa za Intel, kama i5-12400F, inamaanisha haina grafiki ya ndani. Ukinunua hiyo ukisema kadi utanunua mwezi ujao, mwezi mzima utakuwa unaangalia kioo cheusi.

Kwa wenye wanajenga mdogo mdogo, mimi ningeanza na Ryzen 5 5600G. Hiyo G inamaanisha grafiki iko ndani. Ukiweka vijiti viwili vya RAM (hapa viwili ni lazima, ju hiyo grafiki inakopa RAM ya mashini), utacheza Valorant na GTA V vizuri ukipunguza setingi, na mchana unaedit video zako na kufanya kazi za klayenti. Miezi sita mbele unaongeza kadi. Hakuna kitu umetupa. Mashini ya dukani mara nyingi haikupi hiyo nafasi.

Sasa doh inagawanywa vipi? Kwa kasha pekee bila monita, kadi ya grafiki ichukue karibu theluthi moja ama zaidi kidogo, prosesa na mazabodi zifuate, alafu RAM na SSD. Na usifanye ile kitu kila mtu hufanya, kununua pawa saplai na chenji yenye imebaki. Hiyo ndio kipande chenye kikilipuka kinaenda na wenzake. Zile za bei ya kutupa zinaandikwa "500W" kwa sanduku na ndani hakuna kitu. Inua uone: nzito ni dalili nzuri, nyepesi kama karatasi rudisha. Tafuta alama ya 80 Plus na jina la kampuni yenye unaweza kusoma habari zake mahali.

RAM nayo imeleta noma mpya. Tangu mwisho wa 2025 bei zimepanda dunia nzima, ju viwanda vinapeleka chipu kwa data senta za AI. Micron, wenye jina la Crucial, walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaacha kabisa kuuzia watu wa kawaida. Hii imegeuza hesabu. Kitambo ungejiambia kujiundia daima kunaokoa doh. Leo unaweza kupata mashini ya dukani iliyonunuliwa kabla bei zipande, na ikawa chini ya vipande ukivihesabu kimoja kimoja. Kaa chini na kalamu. Andika kila kipande cha ile mashini umeipenda, tafuta bei ya kila kimoja, jumlisha. Tofauti ikiwa elfu tatu ama nne juu kwa waranti na mtu wa kukuundia, hiyo si wizi. Ikiwa elfu ishirini, unalipia mataa.

Gharama ingine ya kujiundia haiandikwi mahali: wewe ndio fundi. Waranti iko, lakini iko kwa kila kipande kivyake, pengine maduka manne tofauti. Mashini ikikataa kuwaka, wa RAM atasema ni mazabodi, wa mazabodi atasema ni pawa saplai, na wewe unapanda na kushuka ngazi za Moi Avenue na boksi kwapani. Kama unaweza, nunua vitu vikubwa vyote duka moja. Utalipa zaidi kidogo lakini hawatakuwa na mtu wa kusukumia lawama.

Na ikiwaka mara ya kwanza bila picha, usilie. Mara nyingi ni vitu vitatu: RAM haijasukumwa mpaka ikalia "tak", umesahau ule waya wa prosesa unaochomekwa kona ya juu ya mazabodi, ama umechomeka HDMI kwa mazabodi badala ya kwa kadi. Hiyo ya tatu imefanya wasee wazima warudishe kadi zisizo na shida.

Kadi ya mtumba

Wengi tutanunua kadi ya mtumba, tuache kujidanganya. Septemba 2022 Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zinachapa kazi mchana na usiku zikamwagwa sokoni. Zingine bado zinazunguka. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimechoka, na bei inafaa ionyeshe hivyo.

Mbaya zaidi ni kadi feki, zile za zamani zimebadilishwa programu ya ndani zijitambulishe kwa Windows kama GTX 1050 Ti. Dawa ni programu ya bure inaitwa GPU-Z. Weka kwa flashi uende nayo. Nyingi ya hizo feki inaziandikia [FAKE] mbele ya jina. Alafu washa FurMark dakika kumi na tano, uangalie kama picha inachora mistari ya ajabu ama mashini inajizima. Muuzaji akisema hana muda wa dakika kumi na tano, na wewe huna doh ya kumpa. Na usitume M-Pesa kabla kuona kitu ikiwaka mbele yako, ata akisema ako Mombasa na anatuma na basi.

Stima ndio itaamua

Umeunda ama umenunua, mashini yote inaishi kwa umeme wetu. Ile kupotea na kurudi kwa kishindo ndio inaua pawa saplai na SSD. Fridge guard ya kawaida inakulinda dhidi ya kurudi kwa fujo. Ukitaka UPS, jua kwamba 650VA si wati 650. Nyingi za bei ya chini hazifiki wati 400. Inakupa dakika za kusevu na kuzima, si za kumaliza mechi.

Na tokeni. Mashini inayokula wati 300 ukicheza, masaa manne kila siku, ni uniti 1.2 kwa siku, yaani 36 kwa mwezi. Kama keja yako huwa inatumia chini ya 30, hiyo PC peke yake inakutoa kwa kiwango cha bei ya chini. Ongea na roommate kabla, si baada.

Kama unaishi mahali stima ni ya kubahatisha, ama hosteli yenye unahama kila semesta, pengine jibu si hizi zote mbili bali laptopu ya gemu. Si ya kuongezea vipande, lakini betri iko na unabeba kwa bagi.

Na wale wenye auntie Marekani anakuja Desemba: kadi ama SSD abebe, hizo ni ndogo. Mashini nzima fikiria mara mbili. Waranti mara nyingi inabaki huko, forodha wanaweza kudai VAT ya 16% na ada zao, na baadhi ya pawa saplai ziko na swichi nyuma ya 115 na 230. Ikiwa imekaa kwa 115 na uchomeke kwa ukuta wetu wa 240, utasikia mlio mmoja tu.

Kama unanunua hii kitu juu ya GTA VI pia, Rockstar waliitangaza ya PS5 na Xbox Series X na S, PC hawakuitaja. Fikiria hiyo elfu sitini vizuri.

Kwa hivyo wewe uko wapi?

Kama hujawahi fungua kompyuta, huna mtu wa kukushika mkono, na hiyo mashini ndio itakuletea job ya kuedit kuanzia Jumatatu, nunua iliyoundwa tayari, mpya, na waranti ya maandishi. Kukaa wiki mbili bila mashini kutakugharimu kuliko hiyo tofauti ya bei. Kama doh ni chini ya elfu arobaini, usijaribu kujenga mpya. Tafuta ex-UK ya mnara, generation ya nane kwenda juu, na GTX 1650. Na kama uko na muda, uko na msee mmoja mtaani mwenye ameshaunda, na hutaki kununua mashini nzima tena miaka mitatu ijayo, jiundie, uanze na pawa saplai nzuri na mazabodi yenye nafasi ya kukua.

Ukienda dukani kwa yoyote ya hizo, fanya hivi kabla kulipa. Waambie waiwashe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager ifunguke, uende Performance. Pale utaona jina kamili la prosesa, RAM iko kwa mashimo mangapi, na jina la kadi. Piga picha na simu. Alafu waambie wafungue ubavu wa kasha usome kibandiko cha pawa saplai, na hicho pia upige picha. Linganisha na risiti mstari kwa mstari ukiwa bado umesimama kwa kaunta, na miezi ya waranti iandikwe hapo hapo na muhuri wa duka ugongwe juu yake.